Darajani Pasipo Daraja: Soko, Mji na Jicho la Mshairi

Unguja imesifiwa sana. Zimesifiwa karafuu zake, zimesifiwa pwani zake, na tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 sifa zimezidi kumiminika juu ya milango ya nakshi, mabaraza na vichochoro vyenye kivuli. Lakini aghalabu mshairi akishamaliza kusifu hushika kikapu chake akaenda Darajani kutafuta kitoweo, na huko kalamu huiacha nyumbani. Sehemu ya mji inayokanyagwa na watu wengi kuliko zote imepata beti chache kuliko zote. Ikitajwa, hutajwa kwa kelele zake, kwa shombo la samaki na kwa msongamano, kisha msomaji hurudishwa upesi kwenye mlango wenye njumu za shaba.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo si wa bahati mbaya. Unatokana na namna maalumu ya kuutazama mji, namna inayothamini kuta kuliko njia, na mwenye nyumba kuliko mpita njia. Jicho la namna hiyo haliwezi kuiona haiba ya Darajani, kwa sababu haiba hiyo haimo katika jengo lolote. Imo katika kuvuka.

Jina na maji

Jina lenyewe ni ushahidi. Anayefika Darajani leo haoni daraja, wala haoni maji ya kuvukwa. Anaona barabara pana yenye magari, ambayo kwa muda mrefu iliitwa Creek Road na baadaye ikapewa jina la Benjamin Mkapa. Hata hivyo, katika karne ya 19 palikuwa na mkono wa bahari ulioingia ndani kutoka upande wa kaskazini ukaizunguka sehemu kubwa ya rasi ya Shangani. Maji yakijaa, mji wa mawe ulikaribia kuwa kisiwa ndani ya kisiwa, ukishikamana na nchi kavu kwa shingo nyembamba upande wa kusini. Yakitoka, palibaki tope na harufu. Juu ya mkono huo wa bahari palijengwa daraja, na kwa kuwa watu wote wa shamba na wa mjini walilazimika kupita hapo, hapo ndipo palipozaliwa biashara.

Ng'ambo ya daraja palikuwa na mji mwingine, nao haukuhitaji jina jingine zaidi ya Ng'ambo. La kuzingatia ni kwamba neno hilo halina maana mpaka msemaji awe amesimama mahali fulani. Aliyeuita mji huo Ng'ambo alikuwa amesimama upande wa mawe. Kwa jina hilo moja nusu ya mji ilifanywa kuwa ni upande wa pili wa nusu nyingine, na wakaazi wake wakalipokea jina, wakalizoea, na mwisho wakalitukuza. Jina Darajani, kwa upande wake, halikuegemea huku wala kule, na kutokuegemea huko ndiko kulikolipa thamani.

Maji yale yalijazwa udongo kidogo kidogo. Kazi ilianza mapema katika karne ya 20 na kukamilika katika miaka ya 1950. Mpangaji miji Mwingereza H. V. Lanchester, ambaye ripoti yake juu ya Unguja ilitoka mwaka 1923, aliutazama mji kwa jicho la zama zake, jicho lililopenda kutenga makazi ya jamii moja na ya jamii nyingine kwa viwanja vya wazi. Ardhi iliyopatikana kwa kufukia maji ilifaa sana kwa fikra kama hizo. Maji yaliyotenganisha yakaondoka, lakini mstari wa kutenganisha ukabaki katika ramani. Walioufuta mstari huo kila siku ni wachuuzi na wanunuzi, na waliufuta kwa nyayo tu.

Soko lenye paa, ambalo wageni hulipiga picha, lilijengwa mwaka 1904 na likaitwa Estella. Jina hilo la kigeni halikukaa katika vinywa vya watu. Soko liliendelea kuitwa Soko la Darajani, kana kwamba watu walikubaliana bila ya mkutano kuwa daraja ambalo lingetoweka lastahili kukumbukwa kuliko bibi wa Kiingereza.

Mnada mmoja na mwingine

Haiba ya mahali isitumiwe kufunika aibu yake. Hatua chache kutoka Darajani ni Mkunazini, na hapo Mkunazini ndipo palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Mwishoni mwa mwaka huo huo wamisionari wa Kiangalikana waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu mahali hapo. Mwaka 1998 mchongaji Clara Sörnäs alimaliza kazi yake ya ukumbusho katika uwanja wa kanisa: sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo, shingo zao zimefungwa minyororo, nyuso zao zikitazama juu kidogo ya usawa wa ardhi.

Mwandishi anayesifu soko la Darajani bila ya kulitaja soko la Mkunazini amefanya nusu ya kazi. Maneno ya biashara yaliyotumika kule ni yale yale yaliyotumika huku: mnada, dalali, bei, mteja. Samaki wameuzwa Darajani kwa mnada na watu waliuzwa Mkunazini kwa mnada, na lugha haikuona haja ya kubadilisha neno. Jambo hili halifai kupambwa. Lafaa tu kujulikana na kila anayependa kutamka kwamba biashara huwaunganisha watu. Biashara huwaunganisha watu pale inapowaacha wawe wauzaji na wanunuzi. Ikiwafanya bidhaa, yafaa iitwe kwa jina lake.

Hapo ndipo kaunta ya kanga inapopata uzito wake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kabla ya hapo wanawake waliokuwa katika utumwa walivaa kaniki na merikani, nguo za rangi ya giza au zisizo na rangi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichochapishwa mwaka 2001, ameeleza jinsi wanawake wa Ng'ambo walivyoziacha nguo hizo na kuchagua kanga, na kwamba kwa kuchagua vazi walitangaza kuwa wao sasa ni waungwana wa mji. Basi mwanamke aliyesimama mbele ya muuza nguo, akikunjuliwa doti moja baada ya nyingine, hakuwa akinunua pambo tu. Alikuwa akijichagulia uso wa kutokea hadharani, pengine si mbali na mahali ambapo mama yake alisimamishwa ili watu wengine wachague.

Sauti iliyotokana na uchuuzi

Wapenzi wa taarabu wanaijua habari ya Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad. Kabla hajawa mwimbaji, Siti alikuwa mchuuzi wa vyungu: alibeba vyombo vya udongo kutoka shamba akavinadi njiani, na sauti iliyowaita wanunuzi ndiyo iliyokuja kutambuliwa kuwa ni sauti ya uimbaji. Wahakiki wengi huipitia habari hiyo kwa haraka, kama hatua ya unyonge ambayo msanii aliivuka. Lakini yafaa isimamishwe na kuulizwa swali. Je, mwito wa mchuuzi si aina ya utungo? Lazima uwe mfupi. Lazima usikike mbali. Lazima urudiwe bila ya kuchosha, na umguse mtu ambaye hakukusudia kusikiliza. Mtu aliyefaulu katika mtihani huo barabarani hakuwa na jipya la kujifunza kuhusu namna ya kuiteka hadhira ukumbini.

Mwaka 1928 unafaa kuangaliwa peke yake. Katika mwaka huo Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na Kiswahili cha nyimbo kikaanza kuuzwa madukani kama bidhaa nyingine. Katika mwaka huo huo wakaazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Na katika mwaka huo huo mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Matukio haya matatu kwa kawaida huandikwa katika vitabu vitatu: kimoja cha muziki, kimoja cha siasa na kimoja cha lugha. Mji, hata hivyo, ulikuwa mmoja. Waliogoma kulipa kodi ndio waliozinunua santuri, na Kiswahili walichogomea na kuimbia ndicho kilichokuwa kikijadiliwa na wataalamu.

Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, pamoja na mkusanyo wa hadithi. Kazi hizo zinastahili heshima. Lakini Kiswahili kilichosikika mjini Unguja kilikuwa kimekwisha kusuguliwa na kulainishwa na watu waliohitaji kuelewana upesi: Mhadimu mwenye muhogo, Mhindi mwenye majora, Mshihiri mwenye kahawa, Mngazija, Mmanyema, Mpemba. Sarufi iliandikwa na maaskofu na maafisa. Ufasaha uliokuwa ukiandikiwa sarufi hiyo ulikuwa umepikwa na watu wa sokoni pamoja na watu wa majumbani.

Kuvuka katika riwaya

Nathari imeiona Darajani vizuri kuliko ushairi. Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, msichana wa Kihindi Yasmin anaikimbia ndoa aliyoozwa kwa Bwana Raza, mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake, na hatimaye anapata maskani kwa shoga yake Mwajuma huko Ng'ambo. Riwaya hiyo, iliyotengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, husomwa aghalabu kama kisa cha mapenzi kati ya Yasmin na Denge na kama kisa cha kupinga ukoloni. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaacha jambo moja nje. Kabla Yasmin hajaingia katika mapenzi wala siasa, anaingia katika mtaa. Umbali baina ya nyumba aliyoikimbia na nyumba aliyopokelewa ni wa kutembea kwa miguu, nao unamgharimu jamaa zake wote. Shafi anatufahamisha kuwa mji unaweza kuwa mdogo kwa hatua na mkubwa mno kwa khofu. Msomaji anayeujua mji anaelewa pia kwamba njia aliyoivuka Yasmin kwa gharama hiyo ilikuwa ikivukwa na maelfu kila asubuhi kwa ajili ya kununua nyanya.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amelishika duka kwa mkono mwingine. Katika By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, Saleh Omar ni muuza samani. Udi, meza, deni na hati ya nyumba ndivyo vinavyoisukuma hadithi, na uadui wa miaka mingi unatokana na bidhaa na rehani. Kwa Gurnah, duka ni mahali ambapo watu huwekeana kumbukumbu za makosa. Kwa Shafi, mtaa ni mahali ambapo mtu aweza kuanza upya. Darajani pana mambo yote mawili, na mhakiki anayechagua moja akaliacha la pili ataishia kuandika tangazo la utalii au hati ya mashtaka.

Mizani ya duka na mizani ya shairi

Kwa nini basi ushairi umebaki nyuma? Sababu haiwezi kuwa ni uhaba wa maneno. Mshairi wa Kiswahili huhesabu mizani, na muuza nyama huhesabu mizani. Neno ni moja. Tarbia yenye mizani nane kwa nane haina ukali kuliko mizani ya mwenye duka, kwani katika zote mbili upungufu mdogo huonekana na mwenye jicho huulalamikia. Msamiati wa soko ni hazina iliyo wazi: pishi yenye vibaba vinne, frasila, doti, jora, fungu, mkungu, tenga, pakacha. Kila neno katika hayo lina ukubwa wake, lina mkono ulioliumba na lina bidhaa lililoizoea. Fungu la nyanya halina kipimo cha serikali. Kipimo chake ni makubaliano kati ya jicho la muuzaji na jicho la mnunuzi, na likizidishwa moja la nyongeza, uhusiano umekwisha kuzaliwa.

Kanga inafundisha zaidi. Kila aivaaye anajua kwamba ina pindo, ina mji na ina jina. Mji ni sehemu ya katikati, pindo ni mpaka unaoizunguka, na jina ni maneno yaliyoandikwa. Jina huandikwa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Washairi wetu wengi wameutazama mji wenyewe, ukiwa na marembo yake, wakasahau kwamba kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Katika mji wa Unguja mahali panapokaribiana na pindo ni Darajani, na huko ndiko maneno yaliko: vijembe vya wauza mboga, majina ya utani ya mahamali, dua za anayefungua biashara, mizaha ya wauza samaki ambayo hugeuka methali kabla ya adhuhuri.

Sababu ya kweli ya upungufu ni adabu ya kimapokeo iliyoeleweka vibaya. Ushairi wetu umelelewa katika heshima, na baadhi ya watunzi wamedhani kwamba heshima ya shairi ni heshima ya kitu kinachosifiwa. Mlango wa mzee wa kale una heshima. Fungu la mbilimbi halina. Dhana hii haitokani na mapokeo yenyewe. Watunzi wa nyimbo za Siti na kundi lake waliimba kesi za mahakamani, dhuluma za mitaani na habari za wiki, na hakuna aliyesema kwamba waliuvunjia ushairi hadhi.

Hukumu juu ya Darajani ya leo

Mtaa huu umebadilika mno katika miaka ya 2020. Yamejengwa maduka mapya ya Darajani Souk, na masoko makubwa ya Jumbi na Mwanakwerekwe yamejengwa nje ya kitovu cha mji ili kupunguza msongamano. Kituo cha daladala ambacho kwa miaka mingi kilikuwa Darajani kimehamishwa. Wapo wanaoyashangilia mabadiliko hayo na wapo wanaoyasikitikia, na pande zote mbili zina hoja. Asiyewahi kusimama juani tangu alfajiri na beseni la samaki asiseme kwamba kivuli na mfereji mzuri wa maji machafu ni anasa. Uchafu hauna haiba, na anayeulilia uchafu wa zamani kwa kawaida hakuwa yeye aliyekuwa akiufagia.

Hata hivyo, kila jengo jipya linalopewa jina la Darajani linapaswa kupimwa kwa mizani ya jina hilo. Swali la kwanza: je, mtu aliyetoka shamba asubuhi na pakacha moja la shelisheli bado anapata mahali pa kuliweka chini, au mahali pote sasa panahitaji mkataba na kodi ya mwezi? Swali la pili: je, mtu asiye na fedha aweza kupita hapo, akasalimiana na watu, akatazama, akaendelea na safari yake bila ya kuulizwa anatafuta nini? Swali la tatu: je, Mji Mkongwe na Ng'ambo bado vinakutana hapo, au kila upande umepata soko lake, na barabara imerudi kuwa yale maji ya kale?

Swali hili la tatu ndilo zito. Mpaka wa urithi wa dunia, kwa upande wa mashariki, unaishia katika ukanda huu wa Darajani. Kwa hiyo sheria za hifadhi zimeulinda upande mmoja kwa miaka mingi, na upande wa pili uliachiwa mipango mingine, kuanzia majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ni jambo la kutia moyo kwamba mradi wa Ng'ambo Tuitakayo uliusoma upande huo kama mji wenye historia na utamaduni wake, si kama kiambatisho. Lakini kuhifadhi pande mbili si sawa na kuhifadhi kinachoziunganisha. Daraja linaweza kutoweka mara mbili: mara ya kwanza lilitoweka kwa kufukiwa maji, na mara ya pili laweza kutoweka kwa kukosa wavukaji.

Ushairi hauwezi kujenga soko wala kupunguza kodi ya kibanda. Unaweza kufanya jambo dogo zaidi, nalo ni kuyaweka maneno mahali ambapo hayatahamishwa pamoja na meza. Kizazi kinachonunua kwa kilo na kwa simu kitahitaji kuambiwa pishi ilikuwa nini, na nani aliipima, na alisema nini alipokuwa akiipima. Watunzi chipukizi wa Unguja na Pemba, ambao aghalabu huulizana waandike nini baada ya karafuu na mahaba, wana kazi hiyo mkononi, nayo haihitaji safari ndefu. Wachukue kikapu, na safari hii wachukue na kalamu.